Simuleta ipi nzuri kwa anayeanza kudizaini chip za analogi?

transista_mpya:
Wakuu habari zenu. Nataka kujifunza kudizaini chip za analogi, yaani opampu (ampu ya kukuza tofauti ya volti mbili) na karenti mira (saketi ya kunakili karenti) za ndani ya chip kabisa, sio kuunga vipande kwenye bodi. Kila sehemu naona wanataja Virtuoso, programu ya kudizaini chip ya kampuni ya Cadence, ila leseni yake bila chuo au kampuni huipati. LTspice, simuleta ya kujaribu saketi kwenye kompyuta, naiweza kidogo, je niendelee nayo au nihamie simuleta ya ngspice?

waya_mwembamba:
Karibu mkuu. LTspice na ngspice zote ni ukoo wa SPICE, simuleta ya chuo cha Berkeley ya miaka ya 70, hesabu zake hazipishani sana. Tatizo ni transista unayoipa. Ile nmos (aina ya transista) ya kawaida ya LTspice ni level 1, yaani modeli rahisi kabisa, na usipoandika lambda (namba ya jinsi karenti inavyoongezeka volti ya transista ikipanda) inakuwa sifuri, maana yake transista haina ukinzani wa autiputi wenye kikomo, kwa hiyo ukijenga ampu unapata geini ya ajabu ambayo kwenye silikoni haipo kabisa na wewe unafurahi bure.
Chukua SKY130, PDK (mafaili ya modeli na kanuni za kiwanda cha chip) ya SkyWater, Google na SkyWater waliiachia bure 2020. Ni nanomita 130, transista zake za kawaida ni za volti 1.8. Chora saketi kwa Xschem (programu ya kuchorea), endesha kwa ngspice. Kabla ya opampu weka nfet (yaani nmos) moja tu, L (urefu wa chaneli) ya maikromita 0.15 halafu L ya 1, panda na Vds (volti kati ya dreni na sosi) uone karenti inavyolala tofauti. Hapo tu utaelewa kwa nini watu wa analogi wanakimbia L fupi.

mzee_wa_baiasi:
Naunga mkono ila LTspice usiifute jamani, kujaribu wazo la haraka bado ni tamu sana. Na kuinstoli hizo zingine moja moja kunakatisha tamaa, tafuta IIC-OSIC-TOOLS, ni imeji ya Docker, yaani kifurushi kilichokwisha kupangwa, yenye kila kitu. Ngspice ikichelewa kusoma modeli za SKY130 weka set ng_nomodcheck kwenye .spiceinit (faili la mipangilio ya ngspice).

transista_mpya:
Asanteni sana. Na leyauti, ule mchoro wa chip yenyewe, je? Na nikipata kazi wanayotumia Virtuoso si naanza upya?

waya_mwembamba:
Hapana, vitufe utavizoea tu. Kusoma oparetingi pointi (volti na karenti za saketi ikiwa imetulia), kuchagua gm/Id (transista inakupa gm kiasi gani kwa karenti yake), kupitisha saketi kwenye kona za tt, ss na ff (transista zikitoka kiwandani za kawaida, za polepole au za kasi), hayo unaenda nayo popote. Leyauti subiri opampu yako isimame kwenye kona zote ndo ufungue Magic au KLayout, programu za kuchorea leyauti.