Mama anataka kwenda Ujerumani kumlea mzazi: viza inahitaji nini?

Mtoto wa Chuda

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika kutoka Tanga kwa niaba ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye tangu apate habari kwamba dada yangu aliyeko Kiel ni mjamzito hana mazungumzo mengine isipokuwa safari. Dada anatarajia kujifungua mwanzoni mwa mwezi wa tano. Ni uzazi wake wa kwanza, na huko aliko hana shangazi wala jirani wa kumkanda maji ya moto, kwa hiyo mama ameazimia kwenda kumlea mpaka arobaini ipite, na ikiwezekana akae miezi minne.

Mama hana mwajiri. Ana kibanda cha kanga na vitenge karibu na soko la Mgandini, ana leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, lakini fedha zake nyingi hupita kwenye simu na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Akaunti yake ya benki ina laki nne na nusu, tena ilikuwa imelala kwa muda mrefu. Pasipoti anayo, ya kielektroniki, na bado haijafika nusu ya miaka yake kumi. Kuna jamaa ametushauri tukope milioni nane, tuziingize benki kwa wiki mbili, tuchukue taarifa ya akaunti, kisha tuzirudishe kwa mwenyewe. Jamaa huyo huyo anasema kwamba tiketi lazima inunuliwe kwanza, na anadai laki sita ili alisimamie faili mpaka viza itoke.

Ninaomba kuuliza: je, miezi minne inawezekana? Tiketi inunuliwe kabla ya viza? Na mtu asiye na mshahara anauthibitishiaje ubalozi kwamba atarudi? Liko na jambo jingine ambalo huenda ni dogo. Katika pasipoti mama ameandikwa Mwanahamisi, ilhali katika cheti cha kuzaliwa cha dada ameandikwa Mwanahamis, bila ile i ya mwisho.

Bibi wa Makorora

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na hiyo milioni nane, kwa sababu mimi iliniangusha yenye kufanana nayo.

Nilipoomba kwa mara ya kwanza kwenda kwa mwanangu aliyeko Bremen, shemeji yangu aliniwekea milioni sita siku ya Jumatatu, na Alhamisi ya wiki iliyofuata nikachapishiwa taarifa ya akaunti. Kurasa zote zilikuwa na mistari ya elfu ishirini, elfu thelathini na tano, elfu kumi na mbili, mara katikati ukachomoza mstari mmoja wa milioni sita, kama papa aliyeingia katika wavu wa dagaa. Hata mimi nisiye na elimu ya uhasibu nilipoutazama tena baadaye niliona aibu. Pasipoti ilirudi pamoja na fomu yenye vijisanduku vya sababu, na viwili vilikuwa vimewekwa alama: kwamba uwezo wangu wa kujikimu haukuthibitika, na kwamba kulikuwa na shaka kama ningeondoka kabla ya viza kwisha. Ada haikurudishwa. Ada ya mtu mzima tangu Juni 2024 ni Euro 90, na hulipwa ili ombi lishughulikiwe, si ili viza itoke.

Mara ya pili nilikwenda na akaunti ileile ikiwa na laki saba, nikapata. Tofauti ilikuwa kwamba mwanangu alikwenda kwanza katika ofisi ya wageni ya mji wake akasaini hati ya dhamana, ile ambayo Wajerumani huiita Verpflichtungserklärung. Ofisi hiyo hukagua mshahara wa mwenyeji, humtoza Euro 29, naye hujifunga kisheria kulipa gharama zote za mgeni wake, yaani malazi, chakula na hata matibabu. Dada yako akisaini hati hiyo, fedha za mama yako hazitakuwa tena nguzo ya ombi. Aitume hati yenyewe kwa njia ya uhakika, kwa sababu picha iliyopigwa kwa simu haitoshi, na asiisaini mapema mno kabla ya safari, kwa kuwa kwa kawaida hukubaliwa ikiwa haijapita miezi sita.

Kinachotakiwa kwa mama mwenyewe ni kuonekana kwamba ana maisha anayoyarudia. Leseni ya kibanda, risiti za kodi, barua ya kikundi inayosema amekuwa mwanachama tangu lini na anaweka kiasi gani, taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa, na hati ya nyumba kama ipo. Mimi niliongeza barua fupi inayoeleza nani angenishikia biashara nikiwa safarini na kwamba ningerudi kabla ya Ramadhani, kwa kuwa huo ndio msimu wangu wa mauzo. Afisa aliniuliza swali moja tu zito, nalo lilihusu barua hiyo.

Kuhusu jamaa wa laki sita, mama yako lazima afike mwenyewe Dar es Salaam achukuliwe alama za vidole, na hakuna mtu wa kati anayeweza kulisimamia jambo lolote baada ya hapo. Fomu ni bure.

Mpwani wa Kaskazini

Nimeishi huku Kiel miaka kadhaa, na nimewapokea wazazi wa watu wengi. Miezi minne haiwezekani kwa viza ya matembezi. Viza hiyo huitwa ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, nayo inaruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu hiyo ni ya nchi zote 29 kwa pamoja, kwa hiyo kuvuka kwenda Denmark na kurudi hakuanzishi hesabu mpya.

Jambo linalowaponza wengi ni namna ya kuisoma viza yenyewe. Kwenye stika kuna tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, halafu pembeni kuna namba ya siku. Mara nyingi tarehe hizo mbili hupishana kwa siku nyingi kuliko namba iliyoandikwa, kwa sababu huongezwa siku 15 za tahadhari iwapo safari itasogea. Mgeni akiona tarehe ya mwisho ni ya mwezi wa nane, anaikalia mpaka siku hiyo, kumbe siku zake zimekwisha wiki mbili nyuma. Kinachotawala ni ile namba, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Mama akiingia tarehe 20 Aprili akiwa na siku 90, siku yake ya mwisho ni tarehe 18 Julai. Arobaini itakuwa imekwisha zamani, na mtoto atakuwa ameanza kumtambua bibi yake. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya huku imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaochukua picha na alama za vidole na kuzihesabu siku wenyewe, kwa hiyo usitegemee muhuri uliofifia.

Tiketi msinunue. Peleka uthibitisho wa nafasi iliyohifadhiwa ya kwenda na kurudi, kisha lipa viza ikishatoka. Bima, kwa upande mwingine, haina njia ya mkato: iwe ya angalau Euro 30,000, ikubalike katika nchi zote za Schengen, igharimie matibabu ya dharura na kumrejesha mtu nyumbani, hata akiwa maiti, na ianze siku anayoingia mpaka siku anayotoka. Nimewahi kuona bima iliyoanza siku moja baada ya ndege kutua, na ombi likakwama kwa siku hiyo moja.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45, na nafasi za miadi nazo hujaa. Kwa safari ya mwezi wa nne, mwezi wa pili faili liwe limeshawasilishwa.

Kuna atakayewaambia kwamba Tanga na Eckernförde, mji ulio jirani kabisa na hapa Kiel, ni miji rafiki tangu 1963. Ni kweli, lakini urafiki huo haujawahi kumpunguzia mtu hata karatasi moja.

Karani wa Bagamoyo

Ndugu Mtoto wa Chuda, ile i unayoiita ndogo ndiyo ningeishughulikia kwanza. Cheti cha dada yako ndicho kinachoonyesha kwamba anayemwalika ni binti yake, na kwa afisa asiyezijua lugha zetu, Mwanahamis na Mwanahamisi wanaweza kuwa watu wawili. Mimi hufanya kazi katika ofisi ya wakili hapa Bagamoyo, na jambo hili hutujia karibu kila mwezi, kwa sababu wazee wetu waliandikwa majina na makarani walioyasikia kwa sikio moja.

Kusahihisha cheti chenyewe kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kunawezekana, ila hakuendi kwa haraka mnayoihitaji. Njia iliyo karibu ni mama aape mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote mawili ni yake yeye mmoja, na hati hiyo ya kiapo itaje namba ya pasipoti na namba ya cheti, ili isibaki maneno matupu. Iandikwe kwa Kiingereza moja kwa moja, mtaokoa gharama ya tafsiri. Barua ya kikundi na ya serikali ya mtaa, ambazo bila shaka zitakuwa za Kiswahili, zitafsiriwe. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo, na tafsiri ikitoka huko haina maswali. Kisha hakikisheni kwamba bima, fomu, uhifadhi wa ndege na hati ya dhamana vyote vinafuata maandishi ya pasipoti, herufi kwa herufi. Dada yako asije akamwandika mama kwa jina alilozoea kumwitia nyumbani.

Mtoto wa Chuda

Ninawashukuru sana, na wewe Bibi wa Makorora nakupa shikamoo yangu. Nimemsomea mama majibu yote. Milioni nane tumeziacha, na jamaa nimemwambia kwamba safari imeahirishwa, ambayo si kweli, lakini ni ndugu wa ndoa. Mama ana swali moja tu: amekwisha agiza lita tatu za samli kutoka Handeni kwa ajili ya uji wa mzazi, pamoja na ng'onda na machungwa ya Muheza. Je, atapita navyo?

Mpwani wa Kaskazini

Samli haitapita. Nyama na vitu vyote vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, hata kidogo, na samli ni maziwa mbele ya forodha. Ng'onda anaruhusiwa, ilimradi awe ametolewa matumbo na uzito usizidi kilo 20. Machungwa yanahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo ayaache, lakini nazi, ndizi, tende na nanasi haviulizwi cheti hicho. Dawa zake za presha, kama anazo, azibebe za kutosha muda wote akiwa na barua ya daktari, kwa sababu bima ya dharura mara nyingi haigharimii maradhi aliyoondoka nayo nyumbani. Siagi ipo huku kila duka, na nitamwonyesha dada yako namna ya kuiyeyusha.

Mtoto wa Chuda

Ameisikia habari ya samli kimya, kisha akauliza nazi ngapi. Kesho asubuhi ninampeleka kwa wakili kwa ajili ya kiapo, na dada ameshapata miadi ya ofisi ya wageni ya Kiel Jumanne ijayo.