Rangi ya sebule ya Mama

Ijumaa

Dada Mkubwa: Asalaam aleikum wanafamilia. Fundi amemaliza kupiga msasa sebuleni kwa Mama. Anataka jibu leo, kijivu au bluu?

Kaka: Waaleikum salaam. Kijivu, dada. Kinakubali kochi lolote na hakionyeshi vidole vya watoto.

Kitindamimba: Mimi bluu 💙 ile ya samawati

Dada Mkubwa: 📷 Hii hapa kadi ya rangi ya dukani

Baba Mdogo: Wanangu, msichague kwa picha ya simu. Nimeshika brashi miaka mingi. Nunueni lita moja moja, mpake kipande cha nusu mita, mikono miwili, yaani mpake mara mbili, ukuta wa dirishani na ule wa ndani karibu na korido. Ikiwa mbichi msiitazame, rangi ya maji ikikauka hukoza. Muiangalie mchana, muiangalie tena usiku taa zikiwaka.

Kaka: Shikamoo Baba Mdogo. Si tutamlipa fundi siku nzima bure?

Baba Mdogo: Marahaba. Siku ya fundi ni nafuu kuliko ndoo. Rangi ikishachanganywa, duka halipokei tena.

Dada Mkubwa (saa 1:20 usiku): Mchana zote zilipendeza. Nimewasha taa sasa hivi, kijivu kimepoa kabisa, na bluu ya ukuta wa ndani imekuwa nzito, chumba kinaonekana kidogo.

Baba Mdogo: Taa yenu ni nyeupe kali. Weka balbu ya mwanga wa njano. Bluu chagueni iliyo nyepesi zaidi, hatua mbili kwenye kadi.

Kitindamimba: Mama mbona kimya? Anayekaa pale ni yeye.

Mama: Nawasoma wanangu. Kijivu sikitaki. Nyumba hii baba yenu aliijenga kidogo kidogo, tulikaa miaka 9 na tofali tupu bila plasta. Nikiamka saruji, nikilala saruji. Nimekitazama kile kipande usiku huu nikauona ukuta wetu wa zamani.

Kaka: Nisamehe Mama. Nilikuwa mdogo, sikumbuki hata.

Mama: Huna kosa baba.

Baba Mdogo: Pole shemeji. Basi bluu. Sebule ni mita 5 kwa 4, kimo 3, kuta zote mita za mraba 54. Toa milango na madirisha, zibaki kama 48. Mikono miwili ni 96, na lita moja hufunika kama mita 10 za mraba. Hiyo ni kama lita 10, chukueni 12 ili iwepo akiba, zichanganywe siku moja zisije zikatofautiana. Msichukue ya kung'aa, itaonyesha mawimbi yote ya plasta.

Jumamosi

Dada Mkubwa (saa 1:45 usiku): 📷 Samawati nyepesi, balbu ya njano. Mama amesogeza kiti chake, amekaa anautazama ukuta.

Kaka: Anasemaje?

Mama: Mwambieni fundi aje kesho mapema.