Nichague lipi la kufufua: MGB inayotembea au Spitfire iliyolala?

Mwanagenzi:

Heshima kwenu nyote mliotangulia katika kazi hii. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue gari la spoti la zamani, la bei ya mtu wa kawaida, nilifufue kwa mikono yangu mwenyewe, na sasa nimebakiwa na mawili yanayoninyima usingizi.

La kwanza ni MGB ya mwaka 1973 yenye paa la turubai. Injini yake ya sentimita za ujazo 1798, yenye kabureta mbili za SU, inawaka mara tu stata inapoguswa. Nimeliendesha, giaboksi haina kelele, na rangi yake nyekundu inang'aa kiasi kwamba nilipoinama nilijiona uso. Kasoro niliyoiona ni moja tu: mlango wa dereva ni lazima uunyanyue kidogo ndipo ushike komeo. La pili ni Triumph Spitfire 1500 ya mwaka 1977, iliyokaa ndani ya ghala kavu kwa zaidi ya miaka 10. Injini haizunguki kabisa, matairi yamelala, viti vimepasuka, na rangi imepauka hata imekuwa kama chokaa. Hata hivyo halijawahi kufumuliwa, na kila kitu kiko mahali pake, pamoja na taa na vipande vya kromu. Bei yake haifiki nusu ya ile ya MGB.

Nina banda lenye sakafu ya saruji, jeki, stendi 4, seti ya spana za inchi, na nafasi ya jioni pamoja na siku za mapumziko. Nimewahi kufungua na kufunga injini, lakini kuchomelea sijui. Moyo wangu uko kwa MGB, kwa kuwa naona gari linalotembea limeshanipunguzia nusu ya kazi. Je, naona sawasawa?

FundiBati:

Ndugu Mwanagenzi, nitakujibu bila kuzunguka: hapana. Katika magari ya aina hii kinachonunuliwa ni bodi, na injini huja pamoja nayo. Injini za magari hayo mawili ni za chuma kizito, zenye muundo rahisi, na mtu mwenye kitabu cha karakana na subira anaweza kuifumua mezani, akapeleka silinda zikachongwe na krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikasagwe, akijua gharama yake kabla hajaanza. Kutu haina hesabu ya namna hiyo. Unakata kipande cha ukubwa wa kiganja, unakuta cha nyuma yake nacho kimeoza, ukikifuata hicho unajikuta umefika kwenye sakafu.

MGB haina chasisi, yaani fremu ya chini, iliyotengana na bodi. Kinacholizuia gari lisikunjike katikati, hasa lile lisilo na paa la bati, ni vizingiti vilivyo chini ya milango, na kila kizingiti ni kama sanduku lenye bati la nje unaloliona, bati la kati usiloliona, na jingine la ndani upande wa sakafu. Tope linalorushwa na magurudumu ya mbele hupenya na kukaa humo, kwa hiyo kuoza huanzia ndani na kujitokeza nje baadaye sana. Ndiyo maana katika maelezo yako yote huo mlango unaonyanyuliwa ndio ulionitia hofu. Huenda ni bawaba zilizochakaa, na hilo ni jambo dogo: fungua mlango wote, ushike upande wa komeo, unyanyue na kuushusha, uone kama bawaba zinacheza. Zikiwa imara na bado mlango hauingii mahali pake, gari limeanza kulegea kiunoni.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari lililong'aa hivyo hivyo. Nilipoanza kupiga msasa nyuma ya gurudumu la mbele, likadondoka vumbi laini kama unga, nikaendelea kusugua, na chuma hakikuonekana. Nikachokonoa kwa bisibisi, nayo ikazama hadi kwenye mpini. Ndani ya kizingiti mlikuwa na puti (uji mzito unaokauka, wa kuzibia mashimo ya bodi) nene kama kidole gumba, wavu wa waya, na magazeti yaliyoshindiliwa ambayo maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka. Kazi niliyoipangia miezi 3 ilinichukua miaka 2, na sehemu kubwa ya muda huo sikugusa injini hata siku moja.

Rudi ukiwa na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa chembamba ili usikwaruze rangi. Ipitishe kwenye theluthi ya chini ya bodi: vizingiti, ncha za chini za mabawa ya mbele (mabati yanayofunika magurudumu), na matao ya magurudumu ya nyuma. Pale isiposhika, pana puti. Kisha mwombe mwenye gari ruhusa uweke jeki chini ya kizingiti, mahali palipotengenezwa kwa ajili hiyo, uinue polepole huku mwenzako akitazama mwanya kati ya mlango na bodi. Mwanya ukibadilika, au mlango ukikataa kufunguka, umeshajibiwa. Ukisikia bati likilia na jeki ikaanza kuzama ndani, teremsha mara moja.

Kabureta Mbili:

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema FundiBati, ila nisingependa MGB ihukumiwe kabla ya kupimwa, kwa sababu ninayo na ninaipenda. Ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000 yakatoka kiwandani, na sidhani kama kuna gari la spoti la umri huo ambalo vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi zaidi. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima mpya kwa kutumia vifaa vya awali vya kiwanda, kwa hiyo bati lolote lililooza lina mbadala wake. Shida yako wewe ni nani atalichomelea. Umesema hujui, na ujira wa fundi bodi kwa vizingiti viwili unaweza kuzidi bei uliyolinunulia gari.

Jambo la pili linahusu Spitfire, na naomba ulichukulie kwa uzito kwa sababu limewaponza wengi. Husemwa kwamba kwa kuwa gari hilo lina chasisi yake, vizingiti ni pambo tu. Si kweli. Chasisi ya Spitfire imekaa kama uti wa mgongo, haina mihimili ya pembeni iliyokuwepo kwenye Herald, gari ambalo Spitfire ilizaliwa kutokana nalo, na nguvu ya pembeni inatoka kwenye vizingiti. Zaidi ya hayo, zile fimbo zinazoshikilia magurudumu ya nyuma yasiende mbele na nyuma zimefungwa kwenye bodi, nyuma ya viti, wala hazikufungwa kwenye chasisi. Bati la hapo likioza, gari litayumba barabarani hata kama chasisi ni nzima. Inua kapeti nyuma ya viti uangalie kwa tochi, kisha ulale chini uangalie kutoka upande wa pili.

Faida moja ya kweli ya Spitfire kwa anayeanza ni boneti yake: pua yote pamoja na mabawa hulala mbele, ukaweza hata kukaa juu ya gurudumu ukiwa unafanya kazi kwenye injini.

Mama Spana:

Mwanangu, nitazungumzia injini tu, maana bodi imeshapata wasemaji.

Usikubali kwamba injini ya Spitfire imekwama mpaka uhakikishe gia haimo. Gari likilala miaka 10 breki za nyuma hung'ang'ania, na kama liliachwa likiwa kwenye gia, ukijaribu kuzungusha injini unajaribu kuzungusha pamoja nayo magurudumu yaliyofungwa. Weka gia huru kwanza. Ikiwa bado haizunguki, toa plagi zote 4, mimina mafuta ya kulainishia kutu katika kila silinda, uache siku kadhaa, kisha ujaribu kwa spana ndefu kwenye bolti ya pulei ya mbele, kidogo huku na kidogo kule. Usitumie stata, na kamwe usilivute kwa gari jingine huku gia imo: pete za pistoni huvunjika hivyo.

Injini hii ya Spitfire, ya sentimita za ujazo 1493, ina ugonjwa wake ambao lazima uuangalie kabla ya kulipa. Kuna washa (vipande bapa vya chuma) mbili za nusu mwezi zinazozuia krenkishafti isisogee mbele na nyuma kila klachi inapokanyagwa. Zikiisha sana hudondoka kwenye sampo (beseni la mafuta chini ya injini), na krenkishafti huanza kula chuma cha bloku, yaani mwili wa injini wenyewe. Hapo bloku inaweza kuwa imekwisha. Mwambie mtu akanyage na kuachia klachi huku wewe umekodolea macho pulei ya mbele. Ikisogea kwa kiasi ambacho jicho linakiona waziwazi, washa zimechoka, na fikiria mara mbili. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji injini iwake wala izunguke, ila hakikisha kwanza klachi yenyewe inasukuma, kwa sababu silinda zake nazo hukauka gari likilala.

Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu kutoka hewani, kwa hiyo baada ya miaka hiyo yote hesabu masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yote ya breki kuwa ni vya kubadilishwa, hata kama vinaonekana vizuri. Matairi nayo hesabu kuwa hayafai tena. Tangi la petroli litahitaji kushushwa na kusafishwa, maana petroli ya zamani hugeuka kuwa kama vanishi.

Mwanagenzi:

Nawashukuru kwa dhati. Nimeyafanya yote, na naona ni haki mpate kujua nilichokikuta.

Bawaba za MGB hazichezi hata kidogo. Sumaku ilishika vizuri kwenye mlango, ikashika kwenye bawa la juu, na nilipofika kizingiti cha kulia ikateleza kama niko juu ya kioo, urefu wa mkono mzima. Mwenye gari hakukubali jeki, na sikumlazimisha.

Kwa Spitfire, gia ya tatu ilikuwa imo. Niliitoa, injini bado ikagoma, nikamimina mafuta kwa ruhusa ya mwenyewe na kurudi baada ya siku 3. Spana ilisogea upana wa vidole viwili, nikairudisha, nikaenda tena, na kabla ya jua kuzama injini ilikuwa imezunguka duara zima. Klachi inasukuma, na pulei haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Vizingiti vinashika sumaku kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ila nyuma ya kiti cha kushoto, pale alipoelekeza Kabureta Mbili, pana tundu la ukubwa wa sarafu pembeni mwa kishikio cha ile fimbo, na bati linalolizunguka linabonyea kwa kidole. Je, hilo linaharibu kila kitu?

FundiBati:

Haliharibu, ikiwa limekomea hapo. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka kwenye tundu kwenda nje, uweke alama ya chaki pale mlio unapogeuka kuwa mkavu na mkali. Alama ikikaa ndani ya upana wa kiganja, hiyo ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua kuchomelea, na ni sababu ya haki ya kuomba bei ipungue. Alama ikishuka mpaka kwenye kizingiti, niandikie kabla ya kulipa.

Kazi hiyo ifanywe kwanza, kabla hujatoa injini, gari likiwa limesimama sawa, na fundi akiwa amefunga chuma cha kukaza katikati ya uwazi wa mlango ili bodi isihame. Mwambie akate bati mpaka chuma safi. Kiraka juu ya kutu usikikubali. Pima mianya ya mlango kabla na baada, uiandike.

Na siku ya kulichukua, lipandishe juu ya trela. Usilivute kwa kamba, kwa sababu halina breki za kuaminika na usukani wake haujajaribiwa kwa zaidi ya miaka 10.