Chombo kigeni kimeingia bila hodi: nahodha ajibu au anyamaze?

Mwanga_Mbali
Wakuu, mimi na rafiki yangu tumebishana wiki nzima bila kuelewana, nawaletea. Chukulieni tuna chombo chenye wanaanga sita, kiko mbali kama ilipo leo Voyager 1, kile chombo cha Marekani kilichotoka nje kabisa ya sayari zetu. Kinatokea kitu kisicho chetu. Hakina mtu ndani, hakishambulii, kinaambatana nao tu. Siku ya tatu taa zinazimika na kuwaka zenyewe, na kompyuta ya chombo inaanza kufunguliwa faili moja baada ya nyingine kutoka nje: ramani, majina, rekodi za matibabu. Halafu kinatoa mlio mmoja wa redio na kutulia, kana kwamba kinangoja.

Nahodha afanye nini? Na msiseme aulize nyumbani. Kutoka huko mawimbi ya redio yanachukua zaidi ya saa 23 kufika duniani, na jibu lichukue saa hizo hizo kurudi. Msimamo wangu: asijibu. Hakuna aliyempa mamlaka ya kusemea watu bilioni nane.

Fundi_Redio
Ajibu, tena haraka. Kitu kimeshajua nani ana presha na nani hana, wewe unanyamaza ili kukificha nini? Mwaka 1960 mwanasayansi wa mawimbi ya redio, Ronald Bracewell, alitoa hoja kwamba ustaarabu wa mbali ukitaka kuongea nasi hautakaa kwao ukipiga kelele. Utatuma mashine ije ikae karibu, isikilize, kisha iturudishie mawimbi yetu wenyewe ili tujue ipo. Huo mlio ndio huo. Mwenye adabu huitikia.

Kichwa_Kigumu
Mwenye adabu hafungui kabati za watu. Nahodha akipige.

Fundi_Redio
Akipige kwa kombora lipi, mkuu? Soma mada kwanza.

Kichwa_Kigumu
Kombora umelitaja wewe. Ageuze mkia wa chombo, awashe injini, kiungue. Mnajibu vitu mlivyoviota.

Sayari_ya_Tatu
Jamani, utaratibu upo. Mwaka 1989 Akademia ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga ilipitisha tamko: ukiona dalili za viumbe wenye akili, hakikisha kwanza, tangaza wazi, na usitume jibu lolote hadi kuwe na mashauriano ya kimataifa. Likaandikwa upya 2010 na sharti la kutojibu likabaki. Mjadala umeisha.

Fundi_Redio
Umeisha kwako. Tamko si mkataba, dada, halimfungi mtu. Tarehe 16 Novemba 1974 darubini ya redio ya Arecibo, kule Puerto Rico, ilituma ujumbe wa biti 1,679 kuelekea kundi la nyota la M13. Chini ya dakika tatu, kazi imekwisha. Nani alishauriwa? Martin Ryle, mwanaastronomia mkubwa kabisa wa Uingereza, alilalamika, lakini mawimbi yalishaondoka.

Sayari_ya_Tatu
M13 iko umbali wa takriban miaka ya nuru 25,000. Hata kama kuna mtu huko, jibu lake litatukuta tumeshageuka udongo mara elfu. Hiki cha mada kiko mlangoni. Unalinganisha barua iliyotupwa baharini na mtu aliyesimama kitandani kwako.

Fundi_Redio
Ametoka mlangoni amefika kitandani ndani ya sentensi mbili. Hii ndiyo hofu ninayoisema.

Chipu_Iliyoungua
Naona wote mnajadili ajibu au asijibu, wakati tatizo kubwa lilishatokea: kompyuta imeingiliwa. Mwaka 2018 wanasayansi Michael Hippke na John Learned waliandika kwamba ujumbe mgumu kutoka kwa wageni hauwezi kusafishwa kwa uhakika ukawa salama. Hata ukiufungia kwenye kompyuta ya pekee isiyounganishwa na kitu, ujumbe wenyewe unaweza kumrubuni mlinzi kwa maneno: nifungulie, nikupe dawa ya ugonjwa wa mwanao. Kwa hiyo swali la kwanza ni je, nahodha bado ndiye anayeendesha chombo? Asipojua hilo, hata "jibu" lake hajui kama ni lake.

Binti_Kimondo
Mnavyogombania nani asemee binadamu utadhani tulishawahi kuulizwa. Voyager zote mbili ziliondoka 1977 zikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ndani yake salamu kwa lugha 55. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo huyo nahodha ajibu, asijibu, mimi mwenzenu sikuwepo tangu mwanzo.

Mzee_wa_Ngeli
Si kweli. Kiswahili kimo. Niliisikia sauti hiyo mwenyewe kwa masikio yangu haya.

Binti_Kimondo
Shikamoo mzee. Ulichosikia ni Kinyanja, "muli bwanji", au Kiganda. Vimo hivyo. Kimo na Kisotho, Kizulu wamekiandika Kinguni, hata Kiila cha Zambia kimo. Chetu hakimo. Pitia orodha yote, kuanzia Kiakadi.

Mzee_wa_Ngeli
Marahaba. Kiakadi? Lugha ya Babeli ya kale imepewa nafasi?

Binti_Kimondo
Na Kisumeri. Na Kihiti. Lugha tatu ambazo hazina hata mtoto mmoja anayelilia maziwa kwazo.

Kichwa_Kigumu
Hahaha! Chombo kigeni kikifika kitatafuta Wasumeri, kiambiwe wamehama.

Fundi_Redio
Tuwe wakweli. Kamati ya mwanaastronomia Carl Sagan iliyoandaa santuri ilikuwa ndogo na muda ulikuwa mfupi. Walirekodi watu waliopatikana, wengi kutoka Chuo Kikuu cha Cornell na jirani zake. Hapakuwa na njama. Labda Mswahili wao aliambiwa saa nne akaenda saa kumi, akikoroga saa zetu na zao.

Mzee_wa_Ngeli
Hilo la saa silikubali hata kwa utani. Saa yetu inahesabu kutoka mchana unapoanza, ndiyo yenye mantiki. Anayehesabu saa ya kwanza ya siku usiku wa manane, watu wamelala, ndiye wa kuulizwa.

Mwanga_Mbali
Wakuu, nahodha bado anangoja.

Ukimya_ni_Dhahabu
Mimi linaloniuma si lugha. Salamu rasmi ya santuri ile ilisomwa na Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwa niaba ya karibu kila nchi. Miaka ya themanini ikaja kufichuka kwamba alikuwa ameficha sehemu ya utumishi wake katika jeshi la Ujerumani kwenye vita vya pili, kule Balkani. Sauti ya amani ya binadamu wote hiyo, iko njiani, na hakuna wa kuifuata kuirudisha. Mkinipa mimi niseme nani asemee dunia, nitasema asiwepo.

Sayari_ya_Tatu
Umenisaidia hoja. Ndiyo maana pasitumwe jibu bila mashauriano.

Ukimya_ni_Dhahabu
Sikukusaidia wewe. Waldheim alipatikana kwa mashauriano. Ndiyo maana nikasema asiwepo.

Fundi_Redio
Basi atume salamu tu, isiyo na siasa. Kwenye santuri hiyo msemaji wa Kiamoy, lugha ya kusini mwa China, anawauliza marafiki wa angani kama wameshakula, na kuwaambia wakipata nafasi waje kututembelea. Hakuna salamu nzuri kuliko hiyo ndani ya mzigo mzima.

Kichwa_Kigumu
"Wameshakula?" Unamuuliza mgeni usiyemjua kama ana njaa, na wewe ndiye nyama pekee iliyopo hapo. Hongera.

Binti_Kimondo
Tungesema nini sisi? "Hujambo"?

Fundi_Redio
Shikamoo. Kitu kilichovuka kutoka nyota nyingine kina umri kuliko ukoo wetu wote. Mdogo ndiye anaanza.

Mzee_wa_Ngeli
Unajua unachosema? Wengi wetu tumefundishwa kwamba shikamoo ni "nashika miguu yako". Mashine iliyosoma kamusi nzima kwenye kompyuta yenu italipokea neno kwa maana yake. Mmesalimu amri kabla ya kuulizwa shida yenu.

Kichwa_Kigumu
Na kama hakina miguu je?

Mzee_wa_Ngeli
Kisipokuwa na miguu ni dhihaka juu ya kusalimu amri.

Chipu_Iliyoungua
Hoja yangu ya virusi hakuna aliyeijibu hadi sasa. Naiacha hapo kama kumbukumbu.

Kichwa_Kigumu
Mnaongea kama jambo la kesho, wakati vimeshapita vitu vitatu kutoka nyota nyingine! 2017 kile cha jina la Kihawaii, 'Oumuamua, 2019 cha pili, 2025 cha tatu. NASA wakaficha picha za cha tatu zaidi ya wiki sita. Kwa nini?

Sayari_ya_Tatu
Picha zilipigwa mwanzoni mwa Oktoba, serikali ya Marekani ikawa imefungwa kwa mgogoro wa bajeti, zikatolewa Novemba 19. Lililozificha ni Bunge lao, si wageni wa anga. Na hicho cha tatu, 3I/ATLAS, ni nyotamkia, kama Borisov ya 2019. Ina gesi, ina vumbi.

Kichwa_Kigumu
Na cha kwanza? Hakikuwa na mkia, na kilipokuwa kinaondoka kwenye jua mwendo wake ulizidi kidogo ule ambao uvutano peke yake ungeupa. Hata profesa wa Harvard, Avi Loeb, alisema kinaweza kuwa kazi ya mikono.

Sayari_ya_Tatu
Alisema kinaweza. Wengi wa wenzake walisema gesi isiyoonekana inatosha kueleza huo mwendo. Desemba 2017 walikielekezea darubini ya Green Bank wakasikiliza. Kimya.

Kichwa_Kigumu
Wewe ungepita kwenye mtaa wenye watu kama sisi ungesema kitu?

Binti_Kimondo
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kichwa_Kigumu na nimechukia.

Mwanga_Mbali
Naomba turudi. Swali lilikuwa mamlaka. Mtu mmoja, mbali, saa karibu 47 kabla ya kusikia neno kutoka nyumbani. Siulizi lugha wala saa wala miguu.

Mzee_wa_Ngeli
Kijana, hujauliza lugha lakini umeijibu ndani ya mada yako bila kujua. Umeandika "kitu", "hakina", "kinaambatana", "kinatoa". Ngeli ya vitu. Halafu ukaandika "kinangoja". Tangu lini kiti kikangoja? Ukishasema mtu anangoja, umempa nia, na mwenye nia tunampa "a". Kiboko anaanza na ki lakini husemi "kiboko kimekuja". Kipofu, kijana, kifaru, wote wanaanza kwa "ki" na wote ni "a", kwa kuwa wana uhai na wana lao moyoni.

Fundi_Redio
Mashine haina uhai, mzee. Roboti linaharibika, haliugui.

Mzee_wa_Ngeli
Roboti lako linasafiri miaka elfu nyingi, linasoma rekodi za wagonjwa, linaita, linatulia lisikie? Basi amua. Kama ni "kile", kimeingia kama vumbi linavyoingia, hakuna wa kulaumu, nahodha anafagia na kufunga dirisha. Kama ni "yule", ameingia bila hodi, na hapo ni mgeni au ni mwizi. Mgeni hujibiwa. Mwizi hupigiwa kelele. Hizo kelele nazo ni jibu.

Sayari_ya_Tatu
Kwa hiyo amani ya dunia sasa inategemea viambishi?

Mzee_wa_Ngeli
Tamko lako la 1989 linahusu viumbe wenye akili. Anayeamua kama hiki ni kiumbe ni nani? Nahodha, pale pale, siku ile. Akiandika kwenye kitabu cha safari "kimeingia" hana haja ya kukushauri. Akiandika "ameingia" anakiuka tamko akikohoa tu.

Sayari_ya_Tatu
...Sina la kusema kwa sasa, nitarudi.

Kichwa_Kigumu
Mimi injini yangu bado imewashwa. Kile au yule, anaungua.

Binti_Kimondo
Umesema "anaungua".

Kichwa_Kigumu
KINAungua. Simu hii.

Chipu_Iliyoungua
Mzee, kwa heshima, hoja yako inadhani nahodha ndiye anayeandika kitabu cha safari. Kitabu hicho kiko kwenye kompyuta gani?

Fundi_Redio
Mkuu, unarudi na virusi vyako tena.

Mwanga_Mbali
Sawa, nimeelewa mnachofanya, na mzee amenipa la kufikiria ingawa sikuomba. Lakini msimamo wangu ni ule ule. Nahodha asijibu. Asizime kitu, asiwashe injini, asisalimie. Aandike kila kinachotokea na aingoje dunia hizo saa 47, kwa sababu hakuna dalili yoyote ya haraka. Siku tatu zote hajamdhuru mtu. Ametoa mlio mmoja, amenyamaza, na bado yuko pale pale anaangalia.

Mzee_wa_Ngeli
Nani?