Lenzi za macho ya helmeti ya kinyago: perspeksi, tinti ya gari au kioo cha kuchomelea?

Kichuguu_Dar
Wakuu, habari za jioni. Helmeti yangu ya roboti imekamilika, nimetumia sponji ya mikeka ya mazoezi, rangi imeshakauka, yamebaki macho tu. Nataka mtu wa nje aone wekundu unaong'aa asinione mimi, ila mimi nione ninakokwenda. Fundi mabango ana vipande vya perspeksi nyekundu, ile plastiki ngumu ya mabango, fundi tinti anasema tinti inakaa juu ya plastiki yoyote, na jamaa mwingine kanishauri kioo cha kuchomelea. Kesho naingia Kariakoo na hela inatosha kitu kimoja. Kipi?

Nyundo_Gerezani
Mkuu, mbona umeficha yote ya maana? Macho ni bapa au yamevimba? Unavaa juani au ukumbini usiku? Unavaa miwani? Taa zinakaa wapi?

Kama ni bapa, chukua tinti. Plastiki angavu, maji ya sabuni, unabandika, unasukuma mapovu kwa kadi ya simu. Ile inayopitisha asilimia 20 ya mwanga inatosha. Ikiwa imevimba sahau, tinti itakunja mikunjo pembeni.

Otis_JuaKali
Kioo cha kuchomelea ndio mpango. Hapa Gikomba unakipata kila kona, hakikwaruziki kirahisi, na hakuna mtu ataona jicho lako.

Nyundo_Gerezani
Na yeye hataona mtu pia. Kioo namba 5 hupitisha kama asilimia 2 ya mwanga. Namba 10, ile ya kuchomelea kwa umeme, haipitishi hata asilimia 0.02. Hiyo ukumbini ni kufumba macho. Tena ni kioo halisi, kikipasuka kipo mbele ya mboni.

Otis_JuaKali
Sikusema namba 10.

Nyundo_Gerezani
Hukusema namba yoyote.

MwanaKisauni
Mimi nimevaa kichwa cha kinyago kwa kazi, matangazo ya kampuni fulani hapa Mombasa, sitaji jina. Walitengenezewa kichwa kikubwa cha mnyama, macho ya perspeksi nzito, yamezibwa kwa silikoni pande zote, shimo la hewa hakuna hata moja. Picha zilitoka safi kweli. Kazi yenyewe ilikuwa mwezi wa Februari, saa nane mchana, barabarani. Wimbo haujaisha lenzi zimepiga ukungu, naona weupe mtupu. Huwezi kufuta, mikono imo ndani ya makucha ya manyoya. Nikamwambia msimamizi kwa ishara nivue, akadhani nacheza, akanipigia makofi! Nikateremka ukingo wa barabara nisiouona, nikaangukia meza ya mama wa viazi karai. Mafuta yalikuwa upande wa pili, alhamdulillahi. Malipo wakakata, eti nimechafua vazi.

Tangu hapo sivai kichwa kisicho na tundu juu na chini. Hewa ya moto itokee juu. Ukiweza, feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 na pawabenki. Lenzi kwa ndani paka sabuni ya vyombo kidogo sana, acha ikauke, kisha sugua kwa kitambaa laini mpaka ing'ae. Lenzi yoyote bila hayo ni bure.

Bi_Chumbageni
Pole mwanangu. Ndiyo maana mimi na vikundi vya shule hatutumii lenzi kabisa. Waya wa mbu wa dirishani! Unaupulizia rangi nyekundu upande wa nje, wa ndani mweusi. Kwa nje wanaona wekundu, kwa ndani unaona njia, hewa inapita, ukungu haupo. Bei yake utacheka.

Otis_JuaKali
Lakini haung'ai. Mwenyewe anataka kung'aa.

Bi_Chumbageni
Kung'aa na kuona njia, achague.

Mzee_wa_Mbarali
Kuna filamu ya eksirei ya zamani, haigharimu kitu. Mwaka 2016, jua lilipopatwa Septemba 1, sisi Rujewa tuliangalia nayo, safi kabisa.

Nyundo_Gerezani
Mzee wangu, shikamoo. Ile si salama kwa jua hata kidogo, miale isiyoonekana inapita na jicho halisikii maumivu. Kwa helmeti sawa, kwa jua hapana.

Mzee_wa_Mbarali
Marahaba. Mbona nasoma ujumbe wako bila miwani?

Kichuguu_Dar
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye daladala. Macho yamevimba kama nusu chungwa. Ni ukumbini, jioni. Miwani navaa. Taa nyekundu nimeziweka ndani, nyuma ya lenzi.

Nyundo_Gerezani
Basi futa yote niliyosema. Taa ikiwa ndani, uso wako ndio unaomulikwa, kila mtu atakuona na wewe utaona wekundu tu. Zizungushe ukingoni mwa lenzi, uweke kizuizi cheusi zisimulike uso.

Umbo la nusu chungwa ni perspeksi ya milimita 2. Inalainika kwenye nyuzi joto 150 hadi 160. Ilaze juu ya mgongo wa upawa uliovishwa kitambaa laini, ukiwa na glavu. Jaribu kwanza na kipande cha kutupa.

Otis_JuaKali
Ama ukate vaiza, kile kioo cha mbele cha helmeti ya pikipiki, ina mkunjo tayari.

Nyundo_Gerezani
Mkunjo wa upande mmoja, siyo tufe. Na ukiipasha moto inajaa mapovu, ile ni polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, hunywa unyevu wa hewa.

MwanaKisauni
Usigandishe kwa supaglu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiofutika. Tineri nayo weka mbali.

Kichuguu_Dar
Kwa hiyo perspeksi nyekundu, au angavu halafu nipake rangi? Na miwani yangu itaenea?

Bi_Chumbageni
Waya wa mbu.

Otis_JuaKali
Tukiwa hapo kwa vaiza, nani anajua kama ile nyeusi inakubaliwa usiku? Bodaboda wa kwetu wote wanazo na hawaoni matuta.

MwanaKisauni
Matuta hawayaoni hata mchana.