Naomba ushauri: mashine mbili za LaserDisc, nibaki na ipi?

Ndugu wanachama, salaam kutoka Iringa. Ninazo mashine mbili za LaserDisc, yaani santuri kubwa za video zinazosomwa kwa leza: Pioneer CLD-D925, inayosoma mifumo yote miwili ya picha za televisheni, PAL na NTSC, na nyingine iliyotoka Japani, ya NTSC pekee, ambayo huiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100. Hii ya pili picha yake ina chenga chache, lakini asubuhi za baridi trei hutoka nusu na kukwama, huku mota ikisikika ikizunguka bure. Nimesafisha puli kwa spiriti; mkanda wa mpira bado unateleza. Je, mkanda wa mpira wa deki ya kaseti wenye mzingo uleule utahimili trei ya santuri za sentimita 30? Na kwa kuwa baadhi ya santuri zangu ni za PAL, mngeshauri niitengeneze, au nibaki na Pioneer peke yake?