Naomba ushauri: namna ya kuchora mikoko ya mto Ruvu kabla maji hayajajaa

Ndugu zangu wachoraji, ninaishi Bagamoyo na ninachora kwa rangi za mafuta mikoko iliyo karibu na mlango wa mto Ruvu. Shida yangu ni kwamba, hasa siku za bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, tope ninaloanza nalo asubuhi hufunikwa na maji kabla sijamaliza hata mizizi, ambayo nakiri ndiyo inayonishinda zaidi. Mchoraji Mfaransa Charles-François Daubigny aliigeuza mashua kuwa karakana yake ya kuchorea mwaka 1857. Mimi namudu kukodi mtumbwi tu, nao hautulii. Je, nichore michoro midogo ya haraka nikamalizie nyumbani, au nirudi siku kadhaa maji yakiwa kina kilekile, ingawa saa yake husogea takriban dakika 50 kila siku na mwanga hubadilika?